Tyubu Mbili kwa Wiki

Mwaka 2003 madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichapisha taarifa katika jarida la magonjwa ya mishipa ya fahamu, na katika kichwa chake wakakiri kwamba chanzo cha tatizo walilolieleza hakijulikani. Walikuwa wamekutana na ugonjwa unaoanzia chini na kupanda juu. Kwanza nyayo hufa ganzi au huwaka moto. Kisha mtu huanza kupepesuka, hasa gizani, au anapofumba macho kunawa uso, kwa sababu miguu haiupi tena ubongo habari ya mahali ilipokanyaga. Baadaye vidole vya mikono navyo hupoteza hisia, kufunga vifungo vya shati huwa kazi, na ngazi nne za mlangoni huwa mlima. Damu nayo hupungua, chembe nyekundu na nyeupe pamoja. Maabara ilipopima madini ya mwilini ilikuta shaba imekaribia kwisha, huku zinki ikiwa imezidi kiwango.

Zinki hiyo ilitoka wapi? Mwili wa binadamu hauundi zinki. Kila chembe yake huingia kutoka nje, na kwa mtu wa kawaida mlango wake ni kinywa.

Jibu lilikuwa kinywani kweli, na lilipatikana Dallas, Texas. Mwaka 2008 Dk. Sharon Nations na wenzake waliandika katika jarida la Neurology kuhusu wagonjwa wanne waliokuwa na dalili hizo hizo. Wote walivaa meno bandia, na wote walitumia krimu ya kubandikia meno hayo kwa wingi usio wa kawaida: tyubu mbili au zaidi kila wiki, kwa miaka. Krimu zao zilipopelekwa maabara zilikutwa na zinki ya miligramu 17 hadi 34 katika kila gramu moja. Mwaka uliofuata Dk. Peter Hedera, aliyeongoza taarifa ile ya Michigan na ambaye sasa alikuwa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, alitoa sehemu ya pili pamoja na wenzake. Safari hii walikuwa na wagonjwa 11 wenye historia moja: meno bandia yasiyokaa vizuri, na krimu nyingi mno ya kuyashikilia. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa watu hawa kilikuwa ndani zaidi ya nguo, kati ya ufizi na pleti ya meno.

Kabla ya mtu kuitupa tyubu yake jalalani, ni vizuri afanye hesabu, kwa maana suala lote hili ni la kiasi.

Tyubu ya kawaida ina gramu 68. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, inasema mtu mwenye meno bandia ya juu na ya chini anapaswa kukaa na tyubu hiyo wiki 7 hadi 8. Anayemaliza mbili kwa wiki anatumia ndani ya siku saba kile ambacho mwenzake angekitumia kwa zaidi ya miezi mitatu. Na krimu haibaki pale ilipopakwa. Inalainishwa na mate, inateremka na chai ya asubuhi, inateremka na ugali wa mchana, na usiku ukifika sehemu kubwa imeshapita kooni. Kwa hiyo krimu ya meno bandia ni kitu kinacholiwa, ingawa hakuna anayeihesabu kuwa chakula.

Tyubu mbili kwa wiki, kwa krimu zile zilizopimwa, ni zaidi ya miligramu 330 za zinki kwa siku. Krimu kali kuliko zote ingeifikisha 660. Mwanamke mtu mzima anahitaji miligramu 8 tu kwa siku, na mwanamume 11. Wataalamu wa lishe wa Marekani wameweka kikomo cha miligramu 40, ambacho mtu mzima hashauriwi kukivuka siku baada ya siku. Wagonjwa wa Dallas walikuwa wakimeza mara nane ya kikomo hicho na zaidi.

Hesabu hiyo hiyo ikifanywa kwa mtumiaji mwangalifu, yule anayekaa na tyubu yake wiki 7 au 8, inatoa kati ya miligramu 20 na 47 kwa siku, ikichukuliwa kwamba krimu yote imemezwa na zinki yote imeachiliwa tumboni. Maana yake ni kwamba hata aliyefuata maelekezo, akiwa na krimu yenye zinki nyingi zaidi, alikuwa ameugusa ukingo na kuuvuka kidogo kabla hajala nyama, maharage wala dagaa, ambavyo vyote vina zinki yake. Hakuna aliyeripotiwa Dallas kuugua kwa matumizi ya namna hiyo. Lakini ukingo haukuwa mbali kama wengi walivyodhani.

Zinki inaifukuzaje shaba? Kazi hiyo hufanyika katika ukuta wa utumbo mwembamba. Zinki inapoingia kwa wingi, chembe za ukuta huo hutengeneza protini ya kuishika, iitwayo metalothayonini. Protini hii imetengenezwa kwa ajili ya zinki, lakini ikikutana na shaba huishika kwa nguvu zaidi na haiiachii. Shaba ya kwenye chakula inabaki imenaswa ukutani badala ya kupita kuingia katika damu. Chembe za ukuta wa utumbo huishi siku chache tu. Zikichakaa hubanduka na kutoka na choo, na shaba iliyonaswa hutoka nazo. Mwezi baada ya mwezi ghala la mwili linakauka. Mtu anahitaji shaba chini ya miligramu moja kwa siku, lakini bila kiasi hicho kidogo uboho haukamilishi chembe za damu, na uti wa mgongo unaanza kuharibika.

Njia hii madaktari waliifahamu zamani, na waliitumia kuponya. Kuna ugonjwa wa kurithi uitwao Wilson, ambamo shaba hujikusanya katika ini na ubongo. Mmoja wa waliofanya kazi ya miaka mingi kuonyesha kwamba zinki inaweza kuutuliza ni Dk. George Brewer wa Michigan, na mwaka 1997 FDA iliidhinisha chumvi ya zinki kuwa dawa yake. Kipimo cha mtu mzima ni miligramu 50 mara tatu kwa siku, yaani 150, chini ya uangalizi wa daktari anayepima damu na mkojo. Jina la Brewer limo katika taarifa zote mbili za Hedera, ya 2003 na ya 2009. Aliyekuwa bingwa wa kuishusha shaba kwa makusudi alijikuta anawatazama watu walioishusha bila kujua, kwa kiasi kinachozidi mara mbili kipimo cha dawa yake, bila daktari wala kipimo cha damu.

Mwilini shaba hukosekana kwa njia zaidi ya moja. Marekani wamewahi kutibiwa wagonjwa wa akili waliokuwa wakimeza sarafu. Senti moja ya nchi hiyo, tangu 1982, ni zinki kwa asilimia 97.5, na wagonjwa hao walipungukiwa na shaba vilevile. Wafugaji nao wanaijua hali hii kwa sura nyingine. Katika miaka ya 1930 watafiti wa Australia Magharibi waligundua kwamba wanakondoo wanaozaliwa wakiyumba nyonga walitokana na mama waliokosa shaba malishoni. Mwaka 1964 madaktari wa mifugo waliripoti ugonjwa unaofanana sana na huo kwa mbuzi na kondoo wa Kenya. Daktari wa neva Neeraj Kumar wa Mayo Clinic, alipoandika kuhusu watu wazima waliopoteza mwendo kwa kukosa shaba, aliulinganisha ugonjwa wao na ule wa kondoo wanaoyumba.

Ugonjwa huu una ubaya mwingine: unafanana na mingine. Daktari asiyeuwazia anaweza kuuona kama upungufu wa vitamini B12, kwani nao huleta ganzi ya miguu na upungufu wa damu. Anaweza kuuona kama kisukari kilichofika kwenye neva, au kama ugonjwa wa uboho. Mgonjwa hataji krimu yake kwa sababu hakuna aliyemwuliza, naye haioni kuwa dawa. Wengine wanaona haya hata kusema kwamba meno waliyo nayo si yao. Miezi inapita. Mtu akigunduliwa mapema, akaacha krimu na kupewa shaba, damu hurudi haraka, ndani ya wiki au miezi michache. Neva haziko hivyo. Kati ya wagonjwa wanne wa Dallas, wawili walioacha krimu na kutumia shaba walipata nafuu ndogo tu ya mwendo na hisia.

Swali ambalo taarifa nyingi zimelipita haraka, na ambalo ndilo kiini cha jambo lote, ni kwa nini mtu amalize tyubu mbili kwa wiki. Hakuna anayependa ladha yake. Anaitumia kwa sababu meno hayashiki.

Jino linapong'olewa, mfupa uliokuwa umelishika unapoteza kazi, na mfupa usio na kazi huliwa na mwili wenyewe. Taya huanza kunywea ndani ya miezi ya kwanza, na halikomi. Mwaka 1972 mtafiti Antje Tallgren alichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu wenye meno bandia kamili, baadhi yao kwa miaka 25, na akaonyesha kwamba ukingo wa taya la chini hupungua takriban mara nne ya ule wa juu. Pleti ya plastiki ngumu haipungui. Ilitengenezwa kwa kipimo cha taya la siku ile, na mwenye taya amesonga mbele. Ya juu ina nafuu, kwa kuwa kaakaa ni pana na pleti huvutwa juu kama kikombe kilicholoa kinavyogandamana na sahani. Ya chini imekalia ukingo mwembamba wenye umbo la kwato, na ulimi hauachi kuisukuma.

Mtazame mzee mwenye pleti ya namna hiyo akila. Anatafuna upande mmoja kwa tahadhari. Mahindi ya kuchoma ameshayaacha, na nyama anaikata vipande vidogo sana. Punje ya mchele ikiingia chini ya pleti inamchoma kama kokoto kiatuni. Akicheka anaweka mkono mdomoni. Akitaka kupiga chafya anageuka ukutani. Asubuhi anaikausha pleti kwa kitambaa, anaminya utepe mrefu wa krimu ya waridi kutoka upande mmoja mpaka mwingine, halafu anaongeza mwingine katikati, anabandika na kuuma. Krimu inafurika pembeni. Anaipangusa kwa kidole. Kufikia saa sita pleti imeshaanza kuelea, naye anajificha chooni kuongeza nyingine. Mzee huyu hana uraibu wowote. Anajaza kwa krimu pengo ambalo lilipaswa kujazwa na fundi wa meno.

Krimu yenyewe hufanya kazi kwa njia rahisi. Ndani yake kuna vitu viwili vikuu vinavyonata. Cha kwanza ni selulosi iliyotengenezwa kutokana na mbao au pamba na kupewa chumvi ya sodiamu, ambayo hunyonya mate upesi na kuvimba, ikawa uteute mzito. Cha pili ni polima ndefu ya kutengenezwa kiwandani, ambayo hulowa polepole zaidi lakini hushika kwa saa nyingi. Uteute ukivimba huijaza nafasi iliyo kati ya pleti na ufizi na kuisukuma hewa nje. Zinki ilikuja hapo kama kifungo cha polima: hufunga nyuzi zake moja kwa nyingine ili zisiyeyuke mapema. Kalisiamu na sodiamu pia huweza kutumika kufanya chumvi za polima hiyo, ndiyo maana krimu zisizo na zinki zinawezekana na zipo sokoni.

Viungo vingine havijaleta msiba wa aina hiyo, lakini navyo vinafaa kujulikana. Krimu nyingi zina jeli ya petroli na mafuta ya madini, ambayo huipa ulaini. Hapa usafi wa mafuta ndio kila kitu: yaliyosafishwa kikamilifu yanaruhusiwa hata katika dawa, ilhali mafuta ghafi ya madini, au yaliyosafishwa kidogo, yamewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika orodha ya vitu vinavyosababisha ugonjwa huo. Mnunuzi hawezi kuyapima kwa macho. Kinachomlinda ni kununua bidhaa iliyosajiliwa, yenye jina la mtengenezaji na tarehe ya mwisho. Kuna pia parabeni za kuzuia kuoza, rangi nyekundu ya kuifanya krimu ifanane na ufizi, na manukato ya minti. Kwa wengi havina neno. Kwa wachache huleta mzio: ufizi unawaka, unakuwa mwekundu pale pale pleti inapokaa, au mdomo unachubuka pembeni. Mtu wa namna hiyo akibadilisha krimu na hali ikatulia, ameshajua adui yake.

Gundi za zamani za meno bandia, hasa za unga, zilitumia utomvu wa miti. Maarufu ni ule wa karaya, unaotoka kwenye mti wa India, na mwingine ni gamu araba ya jamii ya migunga, ile ile ambayo wafugaji wa kaskazini mwa Kenya huikusanya na kuiuza. Kusikia neno utomvu mtu hudhani cha asili ni salama. Karaya ina tindikali, na kwa mtu aliyebakiwa na meno yake machache inaweza kuyala tabaka la nje. Tena kuna watu ambao miili yao huikataa kabisa.

Baada ya taarifa za Dallas na Vanderbilt, mambo yalikwenda haraka kwa upande mmoja na polepole kwa upande mwingine. Februari 2010 kampuni ya GlaxoSmithKline ilitangaza kwamba inaacha kutengeneza na kusambaza krimu zake za Poligrip zenye zinki. Ilisema bidhaa zilikuwa salama kwa anayefuata maelekezo, lakini baadhi ya watu walikuwa wakizitumia kupita kiasi kwa miaka mingi. Februari 2011 FDA iliwaandikia watengenezaji ikiwashauri waweke kiungo kingine mahali pa zinki au watoe tahadhari, na ikawakumbusha watumiaji kwamba si kila tyubu inayoandika viungo vyake.

Mahakamani hadithi ilikuwa nyingine. Tangu 2009 mashauri kutoka majimbo mbalimbali yalikusanywa mbele ya mahakama ya shirikisho huko Miami, Florida. Moja lilihusu Fixodent, ya kampuni ya Procter & Gamble. Jaji aliwakataa mashahidi wataalamu wa mlalamikaji, na mwaka 2014 mahakama ya rufaa ikakubaliana naye. Sababu kubwa ilikuwa kwamba wataalamu hawakuweza kuonyesha ni krimu kiasi gani, kwa muda gani, inayoweza kumletea mtu ugonjwa huo. Uamuzi huo haukusema krimu haiwezi kudhuru. Ulisema uthibitisho ulioletwa haukufikia kiwango cha sheria. Mahakama hutaka namba kamili, na hakuna mtafiti mwadilifu atakayewalisha watu zinki kwa miaka ili aipate namba hiyo. Lakini daktari aliyekaa na mgonjwa mwenye zinki nyingi, shaba iliyokwisha na tyubu mbili tupu kila wiki hahitaji kungoja hukumu ndipo amwambie aache. Hapo madaktari walikuwa sahihi, na FDA ilifanya vyema kuwafuata.

Afrika Mashariki nayo inahusika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 60 na zaidi duniani amepoteza meno yote. Wazee wanaongezeka, na meno bandia yataongezeka nao. Krimu huuzwa katika maduka ya dawa ya mijini, na nyingine huja kwenye mizigo ya ndugu wanaorudi kutoka ng'ambo, zikiwa na maandishi ya lugha ambayo mtumiaji hasomi. Tanzania ina Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, Kenya ina Bodi ya Dawa na Sumu; hizo ndizo za kuuliza kama bidhaa imesajiliwa. Kwenye tyubu, neno la kutafuta ni "zinc", ambalo huweza kujificha katikati ya sentensi ndefu pamoja na "calcium" na "sodium". Tyubu ikiandikwa "zinc free" haina zinki. Isipoandikwa chochote, ni bora kuiacha dukani.

Kwa asiyeipata krimu, au asiyemudu bei yake, kuna jaribu baya zaidi: supaglu. Pleti ikipasuka au ikilegea, gundi hiyo ya viatu na plastiki iko katika kila duka la mtaa na bei yake ni ndogo. Haikutengenezwa kwa ajili ya kinywa. Hushika ngozi na ufizi papo hapo, hutoa joto inapokauka, na ikikauka vibaya hubadilisha mkao wa pleti kiasi kwamba fundi hawezi tena kuirekebisha. Pleti iliyopasuka ipelekwe kwa fundi ikiwa na vipande vyake vyote, hata kile kidogo.

Iliyolegea nayo ina tiba. Kama fundi cherehani anavyotia bitana mpya katika koti lililochakaa ndani, fundi wa meno huweza kuongeza tabaka jipya katika upande wa pleti unaokalia ufizi, kwa kufuata umbo la taya la leo. Si lazima kununua seti mpya kila mara. Kwa anayenunua krimu wiki hadi wiki, gharama ya tabaka hilo huweza kuwa nafuu kuliko kuendelea kununua tyubu mwaka mzima.

Krimu ikitumika, itumike kidogo. Chama cha madaktari bingwa wa meno bandia wa Marekani, katika mwongozo wake wa 2011, kilishauri matone matatu au manne ya ukubwa wa njegere kwa kila pleti, krimu isiyo na zinki, na kuonana na daktari angalau mara moja kwa mwaka. Krimu ikifurika pembeni, imezidi. Jioni iondolewe yote, kwenye pleti na kwenye ufizi, kwa brashi laini na maji ya uvuguvugu. Maji yanayochemka huipinda pleti. Jiki huweza kuua vijidudu kwenye pleti isiyo na chuma, lakini isizidi dakika 10, na pleti isuuzwe vizuri kabla ya kurudi kinywani. Usiku meno yalale kwenye glasi ya maji: utafiti wa mwaka 2015 uliowafuatilia wazee 524 wa Tokyo, wenye miaka 85 na zaidi, ulikuta kwamba waliolala na meno bandia walikuwa na hatari ya nimonia zaidi ya mara mbili ya wenzao.

Anayetumia krimu yenye zinki kwa wingi, naye ameanza kuhisi ganzi miguuni, kupepesuka au uchovu usioelezeka, aiache leo na aende hospitali na tyubu mkononi. Aombe damu ipimwe shaba na zinki, si wingi wa damu peke yake. Asijinunulie vidonge vya shaba mitaani, kwa sababu shaba ikizidi nayo hudhuru ini.

Na wewe unayemtunza mama, baba au bibi mwenye meno bandia, chukua kalamu. Siku tyubu mpya inapofunguliwa, andika tarehe juu yake. Ikiisha kabla ya wiki saba, usikimbilie dukani kununua nyingine. Mpeleke kwa daktari wa meno.